Kidole cha Mama Chini ya Barua

Nyakabiga, Bujumbura
3 Machi 2002

Mdogo wangu Elysée,

Salamu zikufikie kutoka nyumba nzima, kuanzia kwa mwanangu Chanelle, ambaye amenipita urefu na sasa ananitazama kutoka juu, mpaka kwa jirani yetu Médiatrice, anayetaka kujua kama huko Moshi kuna ndagala, dagaa wetu wa ziwani. Nilimwambia kuna mlima wenye theluji. Akasema theluji hailiwi na ugali. Sisi wazima, kwa kadiri ya mji huu. Jioni barabara zinafungwa bado, na mabomu ya kutoka milimani yanakuja, yanapumzika, kisha yanakuja tena. Tumezoea, na kuzoea huko kunanichukiza.

Usinigombeze kwa kimya changu. Januari tulikuwa tunarudi na Mama kutoka Uvira, taksi-basi ikapinduka karibu na Kajaga. Mama alipata mshtuko tu. Mimi niliumia mgongo na mkono wa kulia. Hospitali walipiga picha wakasema mifupa ni mizima. Haya, mifupa mizima, ila mwenye mifupa hawezi kukaa kwenye kiti robo saa. Maumivu yanaanza kiunoni yanapanda begani, yanashuka mpaka kiganjani. Vidole vimejikunja na asubuhi Chanelle ananinyoosha kimoja kimoja. Nimekunywa vidonge mpaka tumbo limechoka.

Cherehani nimeifunika kitenge nisiione. Bwana Valéry, yule mwenye duka kule mtaa wa Asiatique ninayeshonea barazani kwake, ameniwekea nafasi yangu mpaka Noeli. Baada ya hapo anaweka fundi mwingine. Tangu mume wangu afariki, baraza lile ndilo lililonisimamisha. Nikilikosa nitabaki humu ndani nikihesabu mabati.

Uliniambia mnafundishwa kumrudisha mgonjwa kwenye kazi zake. Basi nirudishe mimi.

Mama anakusalimia sana. Anasema usome, usije ukafikiria kurudi kabla hujamaliza. Ameweka kidole gumba hapo chini kama kawaida yake, kwa masizi ya sufuria na mawese, maana wino wa dukani mpaka leo hauamini.

Dada yako,
Mwavita


Moshi
21 Aprili 2002

Yaya Mwavita,

Barua yako imeletwa na Mzee Sulemani, dereva wa lori, ikiwa imekunjwa ndani ya kofia yake. Namshukuru Mungu kwa uhai wako na wa Chanelle. Mimi nakula, nalala, na baridi ya hapa nimeanza kuisamehe. Wenzangu bwenini wakisikia nasema "yaya" wanauliza ulinilea kwa mshahara gani, kwani kwao yaya si dada mkubwa, ni msichana anayeajiriwa kulea watoto. Nawaambia ulinilea bure, na makofi juu.

Sasa mgongo wako. Somo letu hapa wanaliita tiba kwa vitendo. Huko nyumbani mngesema ergothérapie. Wengine wanakanda misuli, sisi tunatazama mtu anavaaje, anapikaje, anashonaje, kisha tunatafuta njia ya kumrudisha huko hata kama maumivu hayajaisha. Mwaka huu tuna mwalimu mgeni anayetufundisha jambo jipya kwa watu wenye maumivu ya muda mrefu. Anasema mwili wa hivyo ni kama jirani anayeendelea kupiga kelele za mwizi wakati mwizi aliondoka jana. Ukimgombeza anazidi. Ukimkimbia anakufuata. Basi kaa umtazame tu.

Fanya hivi. Asubuhi, nyumba ikiwa imetulia, tandika mkeka sakafuni. Lala chali, fumba macho. Sikiliza pumzi inavyoingia na kutoka, usiibadilishe. Kisha peleka mawazo kwenye nyayo, upande polepole: magoti, mapaja, kiuno, mkono, mpaka kichwani. Ukikuta maumivu usibishane nayo. Yatazame yana umbo gani, yana joto au baridi, halafu songa mbele. Dakika ishirini kila siku. Nimemwona mzee mchuma kahawa aliyekuwa hawezi kuinama akirudi shambani kwake kwa njia hii.

Kidole cha Mama nimekiona. Nimekitazama sana. Nilikumbuka siku ile Uvira kisu cha mihogo kilipompitia hicho hicho kidole gumba, wewe ukakimbia kuita watu wa mtaa mzima badala ya kutafuta kitambaa. Msalimie Mama.

Mdogo wako,
Elysée


Nyakabiga
2 Juni 2002

Elysée, daktari wa mikeka,

Tupo, na Chanelle anakusalimia. Darasani amekuwa wa tatu. Médiatrice hakusalimii, na nitakueleza sababu.

Nilifuata maneno yako moja kwa moja kama mtoto wa katekesi. Jumanne, saa nne asubuhi, nikatandika mkeka sebuleni, nikalala chali, nikafumba macho. Nimefika magotini, Chanelle akaingia. Mdogo wangu, ulipoandika "lala sakafuni" ulikumbuka mji gani? Hapa mtu mzima akilala sakafuni mchana ana sababu moja tu. Mtoto alinitazama mara moja akapiga yowe, "Kulala! Kulala chini!" na mwenyewe akajitupa chini ya meza. Uani Médiatrice akamwaga sufuria ya maharage iliyokuwa jikoni, akalala juu ya maharage hayo hayo. Nyumba ya tatu wakalala, na ya nne. Mzee Gélase, mwenye nyumba, alikuwa chooni akajifungia. Ua mzima watu chini, hakuna aliyesikia hata risasi moja, kila mtu anamnong'oneza mwenzake, "Wamepiga wapi?"

Nilipoinuka kueleza, Médiatrice alikuja na maharage mpaka kwenye nyusi. "Mwavita, we unalala chini saa ine ya asubui bila kitu? Unataka kutuua na moyo?"

Nikamwambia ni dawa ya mdogo wangu wa Moshi.

"Apana! Dawa gani ya kulalisha quartier yote, mutaa muzima?"

Mzee Gélase hakutoka. Alisema kutoka nyuma ya mlango, "Mi sitoki mpaka mutu anihakikishie." Alikaa huko mpaka habari za saa saba redioni.

Caritas wa kikundi cha maombi naye akaja na lake: "Ukifunga macho bila kutaja Yesu, nani anaingia?" Nikamjibu usingizi. Hakucheka.

Nilijaribu tena siku mbili, mlango umefungwa kwa ufunguo. Elysée, mimi mkekani sipumziki. Nikilala chali na kusikiliza pumzi, mkono unajikunja mpaka kucha zinaingia nyamani. Sitaki kueleza zaidi. Tafuta kitu kingine, au useme tu hakuna kingine.

Mama leo hakuweka kidole. Alikuwa amelala, sikutaka kumwamsha.

Mwavita


Moshi
7 Julai 2002

Yaya yangu,

Nimecheka mpaka nikaona aibu, kisha nikaona aibu bila kucheka. Mwambie Médiatrice nina deni lake la maharage na nitalipa kwa magoti. Nilimsomea mwalimu barua yako, nikimtafsiria. Akasema kosa ni la aliyeandika dawa bila kuuliza sakafu inamaanisha nini nyumbani kwa mgonjwa. Aliyeandika ni mimi. Nisamehe.

Mkeka uukunje. Usilale, usifumbe macho, usishughulike na pumzi. Chukua kigoda, kaa mlangoni ambapo unaona ua na lango. Weka ungo mapajani uchambue maharage. Ndiyo, hayo maharage. Kazi yako yote iwe maharage: rangi yake, lipi limetobolewa, kokoto inavyogusa kidole tofauti na punje. Maumivu yakija, yaambie "nimekuona," rudi kwenye punje iliyo mkononi. Mkono ukijikunja, uache ujikunje ukiwa na punje ndani.

Na lingine, hili ni la maana: acha kabla maumivu hayajakuachisha. Najua unavyofanya kazi. Unajikaza mpaka unaanguka, halafu unalala siku tatu. Kwanza dakika tano, usimame, tembea mpaka lango, rudi. Wiki ya pili dakika saba. Ukizoea ungo, nenda kwenye sindano ya mkono, vifungo na pindo. Cherehani ya mwisho.

Sikuulizi unachokiona ukilala chali. Siku ukitaka kusema, mimi nipo.

Mitihani yangu inaisha Novemba. Mzee Sulemani anasema anaweza kunileta mpaka mjini kwa lori. Noeli nataka kula nyumbani. Msalimie Mama.

Elysée


Nyakabiga
25 Agosti 2002

Mdogo wangu,

Salamu. Chanelle alikuwa na malaria, sasa anakula tena na kunijibu vibaya, kwa hiyo amepona. Wiki mbili hizi hatukutoka. Milio ilikuwa karibu, tumekaa kwenye korido na magodoro yameegemezwa madirishani, watu tisa na kuku wa Mzee Gélase.

Nimechambua maharage ya ua mzima. Wananiletea hata yaliyo safi. Mwanzoni nilikutukana kila punje. Siku ya kumi hivi nilisikia kokoto kwa kidole kabla sijaiona, na nikagundua kwamba kwa muda ule mgongo ulikuwa unauma tu. Sijui nikuelezeje. Siku nyingine unauma na mimi nafikiri utauma kesho, na Noeli, na uzeeni, na Bwana Valéry, na nani atamlisha Chanelle. Siku ile uliuma basi. Nimefika dakika kumi na mbili. Vifungo nashona. Vidole viwili vimefunguka bila kusaidiwa. Caritas sasa anakaa karibu yangu na ungo wake, anasema hii ina Yesu.

Lakini usije. Nasema tena, usije Novemba wala Noeli. Barabara ni mbaya, na lori la Sulemani halina dua maalumu. Ukimaliza tafuta kazi huko huko. Watu wote wanaoweza kukaa nje wanakaa nje, wewe ndiye unataka kujiingiza kwenye mtego? Mama anasema usije. Mama amekataa kabisa. Usinibishie.

Kidole chake hiki hapa chini.

Mwavita


Moshi
29 Septemba 2002

Yaya Mwavita,

Nimepata barua. Nafurahi kwa dakika kumi na mbili na kwa vidole viwili. Sasa ondoa kitenge kwenye cherehani. Usishone. Kaa tu mbele yake dakika tano, miguu juu ya kanyagio, mikono juu ya meza yake, usikie chuma kilivyo baridi. Siku nyingine zungusha gurudumu bila uzi. Weka kitambaa kilichokunjwa nyuma ya kiuno, na kiti kiinuliwe kwa ubao.

Mitihani ni mingi. Nakusalimia wewe. Namsalimia Chanelle. Salamu zangu zinaishia hapo.

Elysée


Nyakabiga
10 Novemba 2002

Elysée, mtoto wa mama yangu,

Tuko hai. Leo sianzi na majirani.

Barua yako ya Septemba nimeisoma mbele na nyuma. Hukumsalimia Mama. Tangu ujifunze kuandika hujawahi kuniandikia barua bila kumsalimia Mama. Nimekaa nayo wiki tatu. Nimechambua nayo maharage. Kila punje nikasema kesho nitamwandikia, na kesho ikifika mkono unakataa. Leo umekubali.

Mama hayupo. Mama alifariki Januari, tarehe kumi na tatu, siku ile ile.

Taksi-basi haikupinduka. Ilisimamishwa, karibu na Kajaga, na watu wenye bunduki. Wakatuamuru tushuke tulale. Nililala chali kwa kuwa nilianguka hivyo. Walipoanza kupiga, Mama alikuwa juu yangu. Sijui kama aliangushwa au alijilaza mwenyewe. Hilo nimeliuliza kila siku na hakuna wa kunijibu. Nilikuwa nimemshika kidole gumba kwa mkono wa kulia. Nikikibana, naye anabana. Nikikibana, naye anabana. Halafu nikabana peke yangu.

Wale watu hawakuondoka. Walikuwa wanatembea katikati yetu, nasikia viatu. Nilikaa chini ya Mama tangu asubuhi mpaka jua likawa utosini, na nilikuwa napumua kidogo kidogo, kwa pua moja, kifua kisimwinue. Ukaniambia nilale chali nisikilize pumzi. Pumzi niliyoisikia ni ile.

Wajomba walitaka uambiwe. Ni mimi niliyekataa, mimi peke yangu, usiwalaumu. Ungekuja kwa barabara ile ile. Na yale maneno ya usirudi kabla hujamaliza sikuyatunga. Aliyasema ndani ya basi, hata dakika kumi hazikupita kabla ya kusimamishwa, alikuwa anajisifu kwa mama mmoja wa kiti cha nyuma kwamba mwanawe atakuwa daktari. Nilikuletea salamu za kweli za mtu ambaye hayupo. Nilifikiri ni mara moja tu, kisha ukajibu "msalimie Mama," na mimi nikafungiwa humo. Kila barua ilinibidi nimfufue, na kila nikimfufua mgongo ulijua.

Vidole vile ni vyangu. Masizi ya sufuria yake na mawese. Barua ya kwanza nilibandika tu. Uliponiandikia habari ya kisu cha mihogo nikakumbuka kovu. Agosti nikafunga uzi mweupe kwenye kidole gumba, ukakatiza pale kovu lilipokuwa, nikapaka masizi, nikautoa uzi, nikabandika. Ni mkono ule ule niliomshikia. Siku mbili haukufunguka.

Tulimzika siku ya pili, haraka, kabla barabara haijafungwa. Kilio, yaani matanga, hatujakiondoa. Hakiondolewi bila mwanawe wa kiume wa pekee. Nywele zangu ziko vile vile, zinanyolewa siku hiyo. Nimekutega huko na nimejitega hapa.

Cherehani nimeizungusha bila uzi. Inalia, inahitaji mafuta.

Kama hutaniandikia tena, nitaelewa. Lakini niandikie.

Mwavita


Moshi
8 Desemba 2002

Yaya yangu,

Nilijua.

Nilijua tangu Aprili. Barua zote za kabla ya ile ya Machi ninazo ndani ya sanduku, na kidole cha Mama kipo chini ya kila moja, na kovu lake limekatiza kama njia katikati ya shamba. Kidole cha Machi kilikuwa laini. Nilikiweka kando ya kile cha Desemba ya mwaka jana, nikapeleka dirishani, nikarudi kitandani, nikarudi dirishani. Nilipomuuliza Mzee Sulemani kama Mama ni mzima, alianza kunisifia matairi yake mapya. Nikaacha kumuuliza.

Sasa sikiliza aibu yangu. Habari ya kisu cha mihogo niliiandika makusudi. Nilikuwa nakuvizia. Nilitaka uone kwamba nimeona, useme wewe, nisiseme mimi. Badala yake Agosti ukaniletea kovu. Niliweka karatasi chini ya lenzi ya maabara, na mstari ule mweupe ulikuwa na misokoto. Misokoto ya uzi. Yaya, fundi wangu, umeshona hata kovu la Mama.

Siku hiyo nilikuwa kwenye karakana tunakojifunza kusuka viti. Nililia mbele ya darasa zima. Mwalimu alinipa fremu na kamba, nikasuka mpaka mwisho. Kiti kimelegea upande mmoja na hakuna anayekikalia.

Utaniuliza kwa nini nilinyamaza miezi yote. Nitasema ukweli ingawa si mzuri. Nilizitaka zile salamu. Ulipoandika "Mama amekataa kabisa" niliisikia sauti yake, nikaisoma tena na tena, najua ni wewe na bado nikaisoma. Mimi ndiye niliyekutuma umfufue, barua kwa barua, kwa mkono ule. Nakufundisha kutazama maumivu bila kuyakimbia, na mimi mwenyewe nimejificha nyuma ya yako. Septemba kalamu ilifika kwenye jina lake ikagoma. Basi nikaandika kwamba salamu zinaishia hapo. Nilishindwa kusema zaidi ya hivyo, nisamehe.

Aliangushwa au alijilaza, mimi pia sitajua. Usiku na mchana nimejaribu kuchagua moja, nimeshindwa. Nimeamua kuliacha swali likae pale lilipo, tutakuwa tunalitazama wawili.

Nimefaulu mitihani. Nimevaa shati uliloshona wewe. Lori kwa sasa halichukui abiria, Sulemani anasema labda baada ya mvua. Nitakuja, ila sitakuja kama mwendawazimu. Kilio kinisubiri.

Fanya hivi kwenye cherehani: pindo moja, simama. Pindo la pili, simama. Usijikaze.

Mdogo wako,
Elysée


Nyakabiga
13 Januari 2003

Elysée,

Salamu za Chanelle, za Médiatrice ambaye amekusamehe maharage, na za Caritas aliyetuombea leo asubuhi. Mwaka umetimia. Hatukuweza kufika makaburini kwa sababu barabara imefungwa tangu Ijumaa. Tulikaa mlangoni na ungo zetu, watu saba, tukachambua.

Barua yako ilifika tarehe ishirini na mbili Desemba. Niliisoma nikakasirika. Nilikasirika kweli, Elysée, nikakuita mwizi kwa sauti, Mzee Gélase akachungulia. Miezi yote ile mimi nikijichoma na masizi, na wewe umekaa dirishani unalinganisha! Kisha nikafika pale unaposema ulizitaka zile salamu, hasira ikaisha yenyewe. Nami nilizitaka. Nilipokuwa naandika "Mama anasema," alikuwa anasema.

Kesho yake nilibebwa pamoja na cherehani yangu kwenye mkokoteni mpaka Asiatique. Nikashona pindo moja, nikasimama. Pindo la pili, nikasimama. Bwana Valéry akatoka: "Fundi gani huyu anasimama-simama kama polisi?" Nikamwambia ni maagizo ya daktari. "Daktari wa wapi?" Wa familia, nikasema. Alilitazama pindo, akalivuta, halikuachia. Nafasi ni yangu. Nashona nusu ya nilivyokuwa nashona, na mgongo unauma ninapoandika haya, na kiunoni kama kawaida. Sijapona. Na milango ya mji imefungwa vile vile, na wewe uko upande wa pili.

Usiku wa jana milio ilianza tukalala korido. Nililala chali, kwa mara ya kwanza tangu ule mkeka, kwa kuwa hapakuwa na nafasi ya kujigeuza. Pumzi ikaja ile ya Kajaga. Niliitazama. Mkono ulijikunja nikauacha ujikunje, na Chanelle gizani akaingiza kidole chake gumba ndani yake, bila kuambiwa, naye hajui habari ya kidole cha Mama. Nikabana. Akabana.

Nakungoja. Nywele zangu zinakungoja, na kilio cha Mama. Usiharakishe.

Hapa chini nimeweka kidole, kwa masizi na mawese, kutoka sufuria ile ile. Hakina kovu na hakina uzi. Kitazame vizuri, ukipeleke dirishani ukitaka. Hiki ni changu.

Mwavita